Jaribio la programu lisubiriwe dakika ngapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wa kijiji cha Idete, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, walishiriki jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: ugonjwa ulipungua kwa takriban asilimia 31. Jaribio la Gambia halikuona hata kiasi hicho, na chanjo ikawekwa kando. Lakini Idete haikusahaulika. Takwimu za malaria za kijiji hicho, pamoja na za Namawala, zilitumika kuipima na kuirekebisha OpenMalaria, programu ya taasisi ya Swiss TPH ya Uswisi inayoiga jinsi malaria inavyoenea. Imeandikwa kwa C++ na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Kijana wa Ifakara, mji wa bonde hilohilo, anayetaka kutia mkono kwenye programu ya aina hii atakutana mapema na suala la kikomo cha muda. OpenMalaria kwa kawaida huhesabu kwa hatua za siku 5, yaani hatua 73 kwa mwaka. Ukiiga miaka 90 kabla hata chandarua cha kwanza hakijagawiwa, hizo ni hatua 6,570, na kila hatua inapitia watu wote wa kijiji cha kubuni. Jaribio likikaa kimya dakika nne, huenda linachapa kazi, huenda limekwama. Mashine inayoendesha majaribio kila msimbo unapobadilika haiwezi kujua tofauti usipoiambia.

Usipoiambia, itangoja. CTest, chombo cha kuendesha majaribio ya programu za C++, kwa kawaida huvumilia sekunde 1,500 kwa jaribio moja, ambazo ni dakika 25. GitHub Actions, huduma inayoendesha majaribio kila msimbo unapobadilika, huiachia kazi nzima dakika 360. Akaunti ya bure ya GitHub hupewa dakika 2,000 kwa mwezi kwa msimbo usio wazi kwa umma. Kazi ikikwama mara sita, mgao umekwisha.

Anza kwa kupima. Endesha majaribio kwenye mashine ileile itakayoyaendesha kila siku, si kwenye kompyuta yako ya mezani, kisha soma sekunde ambazo CTest huandika mbele ya kila jina. Chukua muda mrefu zaidi uliouona, zidisha kwa tatu. Mimi naona mara tatu inatosha. Mara kumi ni kuogopa tu. Jaribio la sekunde 40 lipewe 120:

set_tests_properties(idete PROPERTIES TIMEOUT 120)

Mengine yote yawekee kikomo cha jumla kwa amri ya ctest --timeout 60. Kisha kazi nzima iwekee timeout-minutes, na hapa wengi hukosea: kikomo cha nje lazima kizidi jumla ya vikomo vya ndani. CTest ikikata jaribio, huandika ***Timeout kando ya jina lake na kuendelea na mengine. Kazi nzima ikikatwa kutoka nje, unaweza kubaki bila kujua mkosaji ni nani.

Jaribio likikatwa, usikimbilie kuongeza sekunde. Liendeshe peke yake na utazame kwa amri ya top. Likila kichakataji chote, huenda linazunguka bila mwisho, au umelijenga kwa hali ya utatuzi ambayo huwa nzito. Likiwa limetulia tuli, linasubiri kitu: faili iliyofungwa, au seva ya mbali. La seva halitibiwi kwa kikomo. Weka seva ya kuigiza ndani ya jaribio lenyewe, maana mtandao wa bonde wakati wa masika una ratiba yake.

Programu zinazotumia namba za nasibu zipewe namba ileile ya kuanzia kila mara, la sivyo muda utapanda na kushuka bila sababu unayoweza kuifuata. Na uigaji unaohitaji saa nzima kwelikweli usiuchanganye na majaribio ya kila badiliko. Upangie usiku, na kikomo chake chenyewe.