SOMO: KUNG'OA MABENCHI YALIYOJENGEWA NDANI YA CHOMBO CHA CHAMA

Makusudi ya somo hili ni kuwawezesha Makatibu na Kamati za vyama vya wavuvi na wasafirishaji kusimamia sehemu moja ya matengenezo ya mashua ya tanga, nayo ni kung'oa mabenchi ya kudumu yaliyomo chumbani. Kazi hii huonekana ndogo, na kwa sababu hiyo aghalabu huachiwa fundi peke yake. Hata hivyo chini ya mabenchi hayo ndipo hali halisi ya chombo inapojificha.

1. Benchi si kiti tu

Katika mashua ya mbao, benchi la kudumu hupigiliwa kwenye mataruma au kwenye ubao mrefu uliofungwa juu ya mataruma hayo. Benchi linalotoka ubavu mmoja hadi wa pili hushika mbavu za chombo zisitanuke wala zisibonyee. Katika boti ya faiba, mabenchi na kuta za chumba hugandishwa kwenye ganda la boti kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi, nayo hulitia ganda ugumu. Kuyang'oa yote kwa mara moja, wakati chombo kimeegemea magogo machache, ni kukaribisha kupindika kwa umbo lake.

Tena benchi hufunika. Maji ya mvua yapenyayo kutoka juu hukaa chini yake mahali pasipo hewa, na mbao huoza. Wengi hudhani kuwa maji ya chumvi ndiyo yaozeshayo zaidi. Kumbe ukungu unaoozesha mbao hustawi zaidi katika unyevu wa maji baridi. Kwa hiyo taruma laweza kuwa zima chini karibu na mkuku, nalo limekuwa unga juu, nyuma ya benchi.

2. Kabla ya kung'oa

Katibu ahakikishe kwamba mambo haya yametimizwa:

(a) Chombo kimesimama wima, mkuku umekaliwa vema, na nguzo za pande zote mbili zimekazwa.

(b) Kila ubao umeandikwa namba na upande wake. Kwa kuwa kulia na kushoto zote huanza kwa herufi K, herufi hiyo pekee haitoshi. Yafaa kuandika KUL na KUS.

(c) Upana wa chumba umepimwa kutoka ubavu hadi ubavu, mahali pasipopungua patatu, na vipimo vimeandikwa daftarini. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyoonyesha kama chombo kimetanuka wakati wa kazi.

(d) Ikiwa chombo kina injini, matangi ya mafuta yameondolewa, betri imefunguliwa, na chumba kimepitishwa hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutua chini katika ngama, na cheche moja ya msumeno wa umeme yatosha kuuwasha.

3. Namna ya kung'oa

Mabenchi ya mbao yang'olewe moja baada ya jingine. Kabla ya kulitoa lile linalokingama, ubao wa muda upigiliwe karibu nalo, ubavu hadi ubavu. Msumari uliokufa kwa kutu usivutwe kwa nguvu kwa mtaimbo ulioegemezwa kwenye taruma, kwani taruma hupasuka. Ni afadhali kuukata kwa msumeno wa chuma kati ya benchi na taruma, kisha mabaki yake yashughulikiwe baadaye. Ubao mzima uhifadhiwe. Hata ule uliooza usitupwe upesi, maana ndio kigezo cha kukatia mpya.

Katika boti ya faiba, mkato upite karibu na benchi, si karibu na ganda, na meno ya msumeno yasizidi unene wa kinachokatwa. Mabaki yasagwe polepole. Vumbi lake hudhuru mapafu na kuwasha ngozi. Wafanyakazi wajifunike pua, macho na mikono.

4. Fedha za wanachama

Tuseme Kamati na fundi wamepatana Sh. 900,000 kubadili mabenchi, kabla ya kufungua kitu. Baada ya kung'oa, mataruma 6 yanakutwa yameoza. Fundi anaomba nyongeza ya Sh. 600,000. Kamati, ikihofu kulaumiwa kwenye Mkutano Mkuu, inamwamuru amalize kazi iliyokubaliwa. Mabenchi mapya yanapigiliwa juu ya mataruma mabovu. Chumba kinapendeza, rangi inang'aa, na hati ya malipo imetiwa sahihi. Lakini msumari haushiki kuliko mbao iliyoupokea. Mawimbi ya kusi yakipiga chombo chenye shehena, misumari italegea, kalafati itatoka, na maji yataingia. Hapo kilicho hatarini si Sh. 600,000 tena, bali chombo na roho za mabaharia.

Kosa halikuwa la fundi, wala halikuanzia kwenye uhaba wa fedha. Kosa ni kukadiria kisichoonekana. Dawa yake ni kuigawa kazi mara mbili. Kwanza, mapatano madogo ya kung'oa na kukagua. Wajumbe wawili wa Kamati pamoja na nahodha washuke chumbani, wachome kila taruma kwa ncha ya kisu, na matokeo yaandikwe katika kumbukumbu. Pili, makadirio ya kujenga upya, yanayotokana na kumbukumbu hiyo.

5. Bamvua haingoji

Chombo kikubwa hupandishwa pwani wakati wa bamvua, na kwa kawaida hakielei tena mpaka bamvua inayofuata, baada ya siku 14 au 15. Kwa hiyo kung'oa na kukagua kumalizike katika siku 3 za kwanza, ili Kamati ipate muda wa kuamua na fundi muda wa kujenga. Na ikiwa kazi haijakamilika bamvua ikifika, chombo kibaki nchi kavu. Wiki mbili za kukosa mapato zaweza kufidiwa. Watu waliozama hawafidiwi.

Maswali ya kujadiliwa na wanachama

1. Ni lini mara ya mwisho mtu aliona chini ya mabenchi ya chombo cha chama chenu?

2. Je, chama kina fungu la kasoro zitakazogunduliwa baada ya kufungua?

3. Nahodha akikataa kutweka tanga kwa sababu ya mataruma mabovu, nani katika chama chenu ana mamlaka ya kumsikiliza?