Dondoo muhimu: Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo

Anza na kadi ya michoro, maana ndiyo inayobeba gemu. Pesa ikiwa haba, tafuta kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex ya kasha kubwa yenye Core i5, kisha uiongezee kadi. Lakini kagua pawa saplai kwanza: nyingi ya mashine hizi hazina waya wa kulisha kadi, na plagi zake si za kawaida. Kadi ya GTX 1050 Ti hula wati 75 tu, na matoleo yake mengi huchukua umeme kwenye maderbodi moja kwa moja. Kasha jembamba liache; kadi ya kimo cha kawaida haiingii.

Kadi ya mtumba usiilipie kabla ya kuiona ikifanya kazi. Mwombe fundi aichomeke, afungue gemu nzito, nawe ukae hapo dakika 15. Sikiliza feni. Tazama kioo: mistari ya rangi au vidoa vinavyomemeteka ni dalili mbaya. Usione haya kusubiri, pesa ni yako.

RAM iwe GB 16, vipande viwili vya 8. SSD ni lazima. Kioo cha 1080p kinatosha.

Nyumbani, waya wa kioo uchomeke kwenye kadi yenyewe, si kwenye maderbodi. Wengi hukosea hapo wakadhani wametapeliwa. Na kama umeme wa kwenu hukatika-katika, nunua UPS kabla ya kibodi ya mataa.