Baji Nyumbani: Kabla Hujatundika Sanduku la Kutagia

Baji ni kasuku mdogo mwenye mkia mrefu, asili yake nyika kavu za Australia. Mwingereza John Gould, mtaalamu wa ndege, alirudi kwao na baji hai mwaka 1840, na tangu hapo ndege huyu amefugwa karibu kila pembe ya dunia. Wa porini ni kijani na manjano, na mgongoni ana michirizi myeusi. Hao wa bluu, weupe na manjano tupu unaowaona sokoni ni kazi ya wafugaji waliowachagua kizazi baada ya kizazi.

Kule kwao mvua haina ratiba. Makundi ya baji huhamahama kuitafuta. Ikinyesha, nyasi zikatoa mbegu na mti wenye shimo ukapatikana, majike huanza kutaga, uwe mwezi wowote. Mvua ikikata, wanaacha.

Sasa mlete ndege huyo nyumbani. Mbegu zimo kwenye kibakuli asubuhi na jioni, maji hayakauki, dume yuko ubavuni anaimba. Kwa mwili wa jike, mvua haijakatika hata siku moja. Kilichobaki ni shimo tu, nalo ni lile sanduku la mbao unalonunua au kumwagiza fundi. Ukilitundika, anataga. Ukilisahau hapo mwaka mzima, ataendelea kutaga hadi mwili uishiwe madini ya chokaa, na pengine afe yai likiwa tumboni. Kwa hiyo kufuga baji hakuhitaji ujuzi mkubwa wa kuwafanya wazae. Unaohitajika ni ujuzi wa kuwaletea kiangazi, na mwenye kukileta ni wewe.

Kununua bila kudanganywa

Tazama ngozi nene iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua. Dume aliyekomaa huwa na ngozi ya bluu iliyokolea. Ya jike huwa nyeupe yenye ukahawia, na akiwa tayari kutaga hugeuka kahawia iliyoiva na kukwaruza kama gamba la mti. Makinda ndio huwachanganya watu. Kinda dume ana ngozi ya waridi au zambarau, rangi moja kote. Kinda jike ana bluu iliyopauka, na kandokando ya matundu ya pua kuna duara jeupe. Mnunuzi akiiona ile bluu hafifu huambiwa "huyu dume," akalipa, kumbe kabeba jike. Baji wa manjano tupu au weupe wenye macho mekundu hawafuati kanuni hii sawasawa: madume wao hubaki na ngozi ya waridi hadi uzeeni.

Umri unausoma kwenye kipaji cha uso. Kinda ana michirizi inayoshuka hadi puani, na macho yake ni meusi matupu. Akifika miezi mitatu au minne hubadili manyoya, kipaji kikabaki safi, na baadaye jicho hupata duara jeupe. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba jozi hii iko tayari kuzaa huku michirizi bado imefika puani, umeshajua la kumjibu. (Baji wasio na michirizi kwa rangi yao, huwezi kuwasoma hivi.) Tunashauri jike asipewe sanduku kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Hata kama anaonyesha hamu mapema, nyonga zake na akiba yake ya madini havijawa tayari.

Usinunue jozi kutoka tundu moja la makinda bila kuuliza, kwa kuwa huenda ni ndugu. Na ndege mgeni, hata akiwa mchangamfu namna gani, mtenge chumba kingine siku 30 kabla hujamchanganya na wengine.

Wanaotaka ndege wa kusema huchagua dume, na hawakosei sana. Baji dume aitwaye Puck, wa California nchini Marekani, aliingizwa kwenye rekodi za Guinness kwa kujua maneno 1,728. Usitegemee hayo kwako.

Neno moja la sheria. Kasuku karibu wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; baji ni miongoni mwa wachache walioachwa nje. Hilo haliwahusu ndege wetu wa porini. Cherero, kasuku wadogo wa kaskazini mwa Tanzania, wamewahi kukamatwa na kusafirishwa nje kwa wingi mno, na kasuku wa kijivu yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo tangu 2017. Muuzaji akikuchanganyia hao na baji kwa bei ya kutupa, usinunue.

Tundu, na hewa inayolizunguka

Kwa jozi moja inayozaa, tundu liwe na urefu wa sentimita 60 au zaidi. Upana wa ubavuni una faida kuliko kimo, maana baji huruka kwenda mbele, si kupanda juu. Nafasi kati ya nyaya isizidi sentimita 1.2; zaidi ya hapo kichwa kinapita na mwili unabaki. Vijiti vya kutulia viwe vya matawi halisi yenye unene tofauti, mpera unafaa, maana vijiti vya plastiki vya unene mmoja huumiza nyayo. Ukitengeneza tundu kwa wavu mpya wa kuku, uoshe kwanza kwa siki na kuusugua kwa brashi. Wavu huo umepakwa zinki, na baji hutafuna kila kitu; zinki ikiingia mwilini ni sumu.

Hewa nayo inaua ndege. Mapafu ya ndege huvuta hewa, na sumu iliyomo, kwa kasi kubwa kuliko yetu. Kikaango kisichogandisha kikiachwa motoni kikavu kupita kiasi hutoa moshi ambao wewe huusikii, na baji aliye chumba cha pili anaweza kuanguka akafa ndani ya dakika chache. Tundu lisikae jikoni kabisa. Jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupulizia wadudu, chetezo cha udi na ubani: vyote hivyo vifanyike mbali na ndege, madirisha yakiwa wazi. Tunajua nyumba ya Pwani bila udi siku ya Ijumaa haijatimia. Basi siku hiyo ndege wahamie barazani.

Barazani nako kuna sisimizi. Miguu ya meza ya tundu ikae ndani ya vikopo vyenye maji, hasa kukiwa na vifaranga; sisimizi wakiingia sandukuni usiku, asubuhi hukuti kitu.

Chakula

Ulezi na uwele ni msingi mzuri na vinapatikana sokoni. Lakini mbegu peke yake haina vitamini A ya kutosha wala madini ya chokaa. Kila siku mpe majani: sukuma wiki, mchicha kiasi, karoti iliyokwaruzwa, pilipili hoho. Oshea maji mengi, maana mboga za mjini hupuliziwa dawa.

Madini ya chokaa wakazi wa Pwani wanayaokota bure: ule mfupa mweupe, mwepesi, wa dome unaotupwa ufukweni na mawimbi. Uloweke siku kadhaa ukibadili maji, uanike juani hadi ukauke kabisa, kisha uufunge kwenye nyaya, upande laini ukimwelekea ndege. Wa bara watumie ganda la yai la kuku lililochemshwa na kusagwa.

Usimpe parachichi hata kipande. Tunda tunalolisifu kwa watoto wetu lina sumu kwa ndege hawa. Chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi navyo marufuku.

Halafu kuna kosa linaloua kimyakimya. Baji hamezi mbegu nzima. Huimenya na kuliacha ganda palepale kibakulini. Mfugaji mgeni hupita, akaona bakuli limejaa, akaenda zake, na ndege wamekaa juu ya maganda matupu. Puliza bakuli kila asubuhi. Kinachobaki ndicho chakula.

Sanduku na mayai

Baji hajengi kiota. Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 25, upana na kimo cha sentimita 15, linatosha. Tobo la kuingilia liwe na kipenyo cha sentimita 4 au 5, juu upande mmoja, ili anayeingia asikanyage mayai. Muhimu kuliko vyote ni sakafu: upande ulio mbali na tobo fundi achonge bonde la duara kama sahani ya kahawa. Sakafu ikiwa bapa, mayai hubingirika yakapoa, na vifaranga miguu hutawanyika kando ikakomaa imepinda. Tandika maranda safi ya mbao. Kifuniko kifunguke kwa juu, kwa sababu utachungulia kila siku.

Weka jozi moja kwa tundu moja. Majike wakigombea sanduku huuana, na hatusemi kwa kutia chumvi.

Jike hutaga yai moja kila baada ya siku mbili, jumla manne hadi sita kwa kawaida. Huatamia peke yake. Dume humlisha kwa mdomo. Kila yai huchukua takriban siku 18. Kwa kuwa huanza kuatamia yai la kwanza au la pili, vifaranga hawaanguliwi pamoja: kifungua mimba anaweza kuwa na siku nane ndugu yake wa mwisho akiwa bado anatoboa ganda.

Yai likifika siku ya sita au saba, subiri jike atoke kujisaidia, uzime taa, uliweke yai juu ya taa ya simu. Lenye uhai utaona doa jekundu na vijishipa vinavyotawanyika kama mizizi. Lisilo na kitu hung'aa manjano tupu. Usiyatoe haraka yasiyo na kitu, maana jike atataga mengine kuyafidia. Yaache hadi ayachoke mwenyewe. Na kama hutaki vifaranga kabisa, chemsha mayai, yapoe, uyarudishe. Atayaatamia, atachoka, atapumzika.

Yai likikwama

Jike aliyekwama na yai hushuka sakafuni mwa tundu, amejivimbisha manyoya, mkia unapandashuka kila akipumua, anajikamua bila mafanikio. Hii ni dharura ya saa, si ya siku. Mweke kwenye boksi dogo lenye joto la nyuzi 30 hivi, pembeni kitambaa chenye unyevu wa uvuguvugu, na umpigie daktari wa mifugo palepale. Usilikamue yai kwa vidole. Likipasuka ndani humponi tena. Wanaopatwa zaidi ni wadogo mno, wanene, waliokosa madini ya chokaa, na waliotagishwa mfululizo.

Vifaranga

Huanguliwa uchi na vipofu, uzito wa gramu mbili hivi. Macho hufunguka karibu siku ya kumi. Unapochungulia, tazama gole, ule mfuko chini ya koo: likiwa limejaa na mbegu zinaonekana kupitia ngozi, wazazi wanafanya kazi. Likiwa tupu asubuhi mbili mfululizo, kuna tatizo, na mara nyingi ni yule wa mwisho anayekanyagwa na kaka zake. Wiki hizi ongeza yai la kuku la kuchemsha lililopondwa, ukilitoa baada ya saa mbili, maana kwa joto letu huchacha. Maranda yakilowa, yabadilishe. Kinyesi kilichogandia vidoleni kilainishe kwa maji ya uvuguvugu. Ukikibandua kikavu utang'oa kucha.

Siku ya 30 hadi 35 wanatoka sandukuni. Hapo pana hatari isiyotarajiwa: jike huenda ameshataga mayai ya pili, na watoto wakirudi ndani huwanyonyoa au kuwadonoa hadi damu. Mwache baba aendelee kuwalisha, na ukiona damu wahamishe yeye na makinda kwenye tundu jingine.

Mizao miwili kwa mwaka inatosha. Baada ya hapo sanduku lishuke, lichomwe na jua, lihifadhiwe nje ya macho yao. Jike akiendelea kutafuta pembe ya kutagia, punguza saa za mwanga kwa kufunika tundu mapema jioni. Hicho ndicho kiangazi.

Ugonjwa unaovuka kwa binadamu

Ndege jamii ya kasuku wanaweza kubeba bakteria wa sitakosisi, na binadamu huwapata kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka. Homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu vinafanana na magonjwa mengi ya kwetu, kwa hiyo ukienda hospitali mwambie daktari kwamba unafuga ndege, hata kama hajauliza; ugonjwa unatibika. Lowesha trei kwa maji kabla ya kufagia, vaa barakoa, nawa mikono. Mjamzito asipewe kazi hiyo. Ndege mwenye magamba meupe kama sifongo mdomoni ana utitiri wa uso. Dawa yake hupimwa na daktari wa mifugo kwa uzito wa ndege, wala si kwa kukadiria dawa ya kuku.

Kuwatoa

Tafuta watakaowapokea kabla hujatundika sanduku. Kinda asiondoke kabla ya wiki sita, na awe ameonekana akimenya mbegu mwenyewe, siyo akichezea tu. Mpe mpokeaji mbegu zilezile za wiki moja, na karatasi yenye tarehe ya kuanguliwa, rangi za wazazi na majani aliyoyazoea. Akikuuliza kama ni dume na wewe bado una shaka, mwambie asubiri kipaji kitakate. Akikuuliza lini atamtundikia sanduku, hesabu mwaka mzima tangu tarehe ile, na umwandikie hapohapo chini.