Njia ya Ishara: Mtumishi Asiyesikika Katika Mitambo ya Simu

Mkazi wa Nkoaranga, katika miteremko ya Mlima Meru, anaifahamu vyema mifereji inayoteremsha maji hadi kwenye migomba na mibuni. Maji hayaingii shambani kwa kujiendea. Ni lazima mtu atangulie, azibe hapa na kufungua pale, na zamu ikiisha ayaelekeze kwa jirani.

Simu nayo ina kazi mbili za namna hiyo. Ya kwanza ni kuichukua sauti. Ya pili ni kuiandalia sauti hiyo njia, na kuiachilia njia mazungumzo yanapokwisha. Makala haya yanahusu kazi hiyo ya pili, ambayo wataalamu huiita kazi ya ishara.

Ishara zilivyotengwa na sauti

Hapo zamani kazi hii ilifanywa na opereta kwa mikono yake. Ilipokuja mitambo ya kujiendesha, ishara nyingi zilipitishwa katika waya uleule wa sauti, kwa njia ya milio. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole, tena haukuwa salama. Nchini Marekani, katika miaka ya 1960 na 1970, watu waligundua kwamba mlio wa hezi 2600 uliweza kuuhadaa mtambo, wakapiga simu za mbali bila kulipa. Fundisho likawa wazi: amri na mazungumzo yasipite njia moja. Mwaka 1980 zilichapishwa kanuni za kimataifa za mfumo wa ishara namba 7, ambao umeenea duniani kote.

Njia ya ishara inavyofanya kazi

Katika simu za dijitali, sauti hupimwa mara 8000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, yaani tarakimu nane za 0 au 1. Katika kiwango kinachotumika Ulaya na Afrika, nafasi 32 za namna hiyo husafiri pamoja katika mkondo mmoja. Nafasi namba 0 hulinganisha mwendo wa mitambo; namba 16 aghalabu hubeba ishara; 30 zilizobaki hubeba mazungumzo.

Tuchukue mfano. Muuguzi wa Nkoaranga anampigia daktari aliyeko Dar es Salaam. Mtambo wa Arusha hutuma ujumbe wenye namba inayoitwa na nafasi ya sauti iliyotengwa. Mtambo wa Dar es Salaam hujibu kwamba namba imekamilika na simu inaita. Daktari akipokea, ujumbe wa tatu hutumwa, na hapo malipo huanza kuhesabiwa. Simu ikikatwa, upande mmoja husema "achilia", na wa pili hujibu "nimeachilia". Kwa kuwa jumbe hizi ni fupi mno, njia moja ya ishara yaweza kuhudumia mazungumzo zaidi ya 1000.

Inavyotunzwa

Hapo ndipo ilipo hatari. Njia hiyo ikikatika bila kuwa na mwenzake, nafasi zote za sauti huweza kuwa nzima na bado simu ya muuguzi isiite. Kwa hiyo hutunzwa kwa hatua nne.

Kwanza, haikai kimya. Isipokuwa na ujumbe, mitambo hupelekeana vipande vitupu mfululizo, mithili ya walinzi wawili wanaoitana usiku kucha. Kimya chenyewe ni dalili ya hitilafu.

Pili, kila ujumbe hupewa namba na biti 16 za uhakiki. Ukiharibika njiani, hutumwa tena. Mtumaji huhifadhi nakala mpaka apate jibu kwamba umefika.

Tatu, makosa huhesabiwa. Kila kipande kibovu huongeza alama moja, na kila vipande 256 vinavyopokewa hupunguza alama moja. Alama zikifika 64, njia huondolewa kazini na jumbe huhamishiwa njia ya pili.

Nne, njia iliyoondolewa hairudishwi kabla ya kujaribiwa na kuonekana safi.

Lakini hesabu hizo zote ni bure iwapo njia mbili zimefukiwa katika handaki moja, kwani jembe moja litazikata zote. Kuzitenganisha ni wajibu wa mhandisi.

Hitimisho

Umuhimu wa njia hii umezidi tangu zije simu za mkononi. Ujumbe mfupi wa herufi 160 ulibuniwa upite katika njia za ishara, na huduma za fedha zinazoanza kwa kubonyeza nyota na namba, kama M-Pesa iliyoanza nchini Tanzania mwaka 2008, zimetegemea njia hizohizo. Mama anayepokea ada ya shule ya mwanawe kwa namna hiyo hakutumia hata sekunde moja ya sauti.

Zoezi: Zidisha nafasi 32 kwa biti 8, kisha kwa 8000. Jibu, 2,048,000, ndiyo idadi ya biti zinazopita katika mkondo mmoja kila sekunde. Je, nafasi ya ishara peke yake hupitisha biti ngapi?