Miaka 80 ya Bibi, Kihambani

Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini hujaa Wachaga wanaorudi nyumbani Kilimanjaro. Wanapita Same na Mwanga, wakifika Himo wanaachana: wa Marangu, Mwika na Rombo wanakunja kulia, wa Old Moshi, Uru, Kibosho na Machame wanaendelea mbele. Ni siku hizo hizo familia nyingi humfanyia bibi au babu sherehe ya kuzaliwa, kwa kuwa ndipo watoto, wakwe na wajukuu wanapopatikana wote pamoja. Tarehe yenyewe huenda ni ya Machi au Agosti, na wapo wazee wasioijua, wanao mwaka tu walioambiwa na mama zao. Hilo lisiwasumbue. Mkitaka kuhakikisha mwaka, ulizeni parokiani au usharikani, maana kwa mzee aliyebatizwa utotoni kitabu cha ubatizo mara nyingi kinajua kuliko kitambulisho chake.

Kabla hamjagusa bajeti, amueni sherehe ni ya nani. Swali hili linaonekana jepesi, lakini shughuli nyingi za mlimani hupangwa na watoto walioko mjini, kwa macho ya mjini, kwa ajili ya wageni wa mjini. Mwenye siku anakalishwa kwenye kiti kilichopambwa tangu saa nne asubuhi, spika iko kando ya sikio lake, chakula kinamfikia saa kumi. Mzee wa miaka 80 hawezi siku ya namna hiyo, na hapaswi kuombwa aiweze. Saa ya kuanza, chakula, muziki na idadi ya wageni vitokane na nguvu zake.

Kwa hiyo muulizeni yeye kwanza, na mumuulize akiwa peke yake. Mbele ya kikao cha watoto wote atajibu, "Fanyeni mnavyoona, wanangu." Akikaa jikoni na binti mmoja au mjukuu anayemzoea ndipo atasema anataka mdogo wake aliyeolewa Kibosho afuatwe kwa gari, anataka kwaya ya jumuiya yake, na nyama ngumu haiwezi tena. Hayo ndiyo yaandikwe juu kabisa ya daftari la kamati.

Kamati iwe ndogo. Watu watano wanatosha, na angalau mmoja wao awe anaishi kijijini mwaka mzima. Huyo ndiye anayejua nani ana maturubai mazuri, mpishi gani hufika kwa wakati, na barabara ipi inateleza mvua ikinyesha. Anzeni Septemba, msichelewe zaidi ya Oktoba. Desemba mlimani ni mwezi wa ubatizo, kipaimara, ndoa na jubilei, zote zikigombania mapadre, wachungaji, wapishi na viti vilevile. Fundi cherehani apewe vitenge vya sare mapema Novemba. Akiletewa baada ya hapo atapokea, na kuna hatari mkavaa nguo zenye pindo la haraka. Wanaosafiri kwa basi au kwa treni ya Shirika la Reli (TRC), ambayo ilirudi kubeba abiria hadi Moshi Desemba 2019, wakate tiketi mapema.

Siku nzuri ni kati ya tarehe 27 na 30. Krismasi iachiwe kanisa na nyumba ya kila mtu, na tarehe 31 watu wana mkesha. Kuhusu mvua, msitegemee kwamba vuli imekwisha. Moshi mjini panaweza kuwa pakavu wakati Marangu au Kibosho kunanyesha, na asubuhi ya jua mlimani haitoi ahadi yoyote kwa alasiri. Turubai lifungwe hata kama mbingu ni safi. Jioni baridi hushuka mapema, kwa hiyo shuka la kimasai au blanketi jepesi liwe karibu na kiti cha bibi.

Msisahau ofisi. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, au wa mtaa na kata kwa walio Moshi mjini, wajulishwe, na waulizwe kuhusu kibali cha muziki na saa ya kuuzima. Kelele zina kanuni zake chini ya usimamizi wa baraza la mazingira, NEMC, lakini kinachowahusu zaidi ni jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga. Mwendeeni nyumbani siku chache kabla, mkamwambie kwa mdomo.

Lipo jambo ambalo kamati nyingi hukwepa kulizungumza: msiba ukitokea jirani wiki ile ile. Mlimani watu ni wengi, nyumba zimekaribiana, na wengi ni ndugu. Amueni mapema nani atakwenda kuzungumza na wafiwa na wazee wa ukoo. Mara nyingi sherehe haifutwi, hasa pale ndugu wametoka mbali, ila muziki unazimwa, ibada na chakula vinabaki, na wanafamilia wanakwenda kuhani kabla ya kuanza. Ikiwa maziko yameangukia siku yenu, sogezeni sherehe. Chakula kinaweza kuokolewa, lakini ujirani ulioharibika kwa spika hauponi upesi.

Upande wa fedha, kundi la WhatsApp la familia linatosha, na michango ipokelewe kwa namba moja. Mtunza hazina awe na mwenzake anayeona kila kinachoingia na kutoka, na kila wiki hesabu iwekwe kundini. Wekeni kiwango kwa watoto wa bibi tu. Wajukuu na wakwe watoe walichonacho, na asiyekuwa na fedha apewe kazi ya heshima. Majirani msiwapelekee kadi za michango. Wao wataleta mkungu wa ndizi, maziwa, kuni na mikono yao, na huo ni mchango mkubwa. Mtu asikope kwa ajili ya siku hii, hasa ile mikopo ya kausha damu ambayo riba yake huanza kuuma kabla maturubai hayajafunguliwa. Fedha ikipungua, punguzeni mapambo kwanza, kisha muziki. Chakula na usafiri wa wazee viguswe mwisho.

Sasa tembeeni wenyewe kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, mkiwa na kamba ya kupimia. Vihamba vyetu ni vidogo. Vimegawanywa kwa watoto kizazi baada ya kizazi, na kila hatua ina mgomba, mbuni au majani ya ng'ombe. Uwanja wa mbele ya nyumba ndio ukumbi wenu, na ukubwa wake ndio uamue idadi ya wageni. Kukata migomba yenye mikungu ili kupanua nafasi ya meza ni hasara ambayo bibi ataiangalia mwaka mzima. Makaburi ya wazee yamo humo humo kihambani. Yafyekwe, yasafishwe, yawekewe maua, na magari wala spika visikaribie pale. Familia nyingi huanza siku kwa sala fupi makaburini, na ni mwanzo mzuri. Mfongo, mfereji wa kumwagilia, ukipita uwanjani kwenu msiuzibe wala kumwaga ndani yake maji ya vyombo, kwa sababu walio chini yenu wana zamu yao ya kumwagilia. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani au mzee wa kanisa aombwe nafasi ya kuegesha magari, na vijana wawili wasimame njiani kuelekeza. Njia ya kufika nyumbani iachwe wazi muda wote. Gari la mgonjwa likihitajika lisikute Noah tano zimeziba.

Choo kimoja kwa watu 150 hakitoshi. Ongeeni na nyumba mbili za jirani, pelekeni maji na sabuni huko pia. Simtanki la lita 1,000 lijazwe siku moja kabla, kwa sababu maji ya bomba huweza kukatika siku yoyote. Umeme vilevile: jenereta likodiwe, likae nje mbali na madirisha, lisiwekwe kabisa kwenye jiko au stoo, maana moshi wake huua bila kutoa dalili ya kutosha.

Tuje kwenye chakula. Kama mnataka mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kupikwa nyumbani, na kwa sherehe ya mzee mimi siioni sherehe bila kata ya mbege, hesabuni kurudi nyuma kama siku kumi. Ndizi zilizoiva huchemshwa kwa saa nyingi, kisha huachwa zichachuke karibu wiki nzima. Hiyo ndiyo nyalu. Ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, ndio mso, unapikwa uji pamoja na gome la msesewe linaloleta uchungu. Uji huo ukipoa huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na kesho yake mbege iko tayari. Haisubiri. Ikikaa siku mbili tatu inakuwa kali mno, kwa hiyo mpikaji aambiwe siku na saa, tena ajulishwe mapema kama tarehe imebadilika. Watoto wapikiwe togwa, vyombo vyake visichanganywe na vya mbege.

Wageni 150 wanakula takriban kilo 15 hadi 18 za mchele ikiwa na ndizi zipo, mikungu mikubwa mitano ya mchare, na nyama kilo 40 yenye mifupa. Mchele mtaupata kutoka mashamba ya umwagiliaji ya Mabogini na Chekereni, chini ya mji wa Moshi. Ndizi nunueni mlimani kwenyewe, soko la Mwika kwa mfano, siku mbili kabla zisije zikaiva. Mtori, supu nzito ya ndizi, upikwe wa kutosha, ulainike vizuri, na wazee wapewe huo kwanza pale walipoketi. Mzee asipangwe foleni akiwa na sahani mkononi. Vyakula vyetu vya ndizi, machalari na kiburu, viwepo hata kama vijana wanataka pilau; bibi amealika rika lake, na rika lake linajua kula nini.

Ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa ambaye wengine humwita keki ya Kichaga, inapendeza mezani lakini haishibishi umati. Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa nyama kama kilo 13 hadi 15 pamoja na mifupa, na huchomwa polepole kwa saa kadhaa. Mchomaji aanze alfajiri ikiwa ndafu itakatwa saa saba mchana. Nyama nyingine ipangwe kando. Mkichinja nyumbani, mwiteni afisa mifugo aone mnyama kabla ya kuchinjwa na nyama baada yake. Kimeta ni ugonjwa unaojulikana katika mikoa yetu ya kaskazini, na mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe kwa bei yoyote. Anayetaka kisusio, supu ya damu, apate damu ya mnyama aliyekaguliwa, ipikwe ichemke barabara. Ugawaji wa nyama mwachieni mzee wa ukoo. Kidari, mgongo, shingo, kila kipande kina mwenyewe, na desturi ya Rombo si ya Machame. Kijana wa mjini akikata ovyo anaweza kumnyima mjomba haki yake mbele za watu, na maneno yake yakadumu miaka.

Chakula kilichoiva kikae kwenye moto au kwenye hotpoti kikiwa cha moto kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri zaidi ya nyuzi 60, na kisiachwe wazi mezani kwa zaidi ya muda wa saa mbili. Wali na kuku waliopikwa usiku wa jana vikafunikwa ndio huwaumiza watu kwenye shughuli. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo chakula cha kwenda nacho kifungwe kwenye majani ya migomba au vyombo vya wenyewe.

Keki ipande mlimani asubuhi na mapema, vipande vikiwa kwenye maboksi tofauti, viunganishwe hukohuko. Na mshereheshaji aambiwe kwamba wanaolishwa keki ni wachache waliotajwa kwenye orodha, si ukoo mzima mmoja mmoja.

Ratiba ya bibi mimi ningeipanga hivi: ibada saa nne, isizidi saa moja, maneno ya watoto, mjukuu mmoja na jirani mmoja, chakula saa saba kamili, keki na zawadi, kisha aingie ndani apumzike saa tisa, na anayetaka kucheza aendelee. Dawa zake za presha au sukari zisirukwe siku hiyo, na binti mmoja asiwe na kazi nyingine ila kukaa naye. Mjue pia hospitali iliyo karibu na nani atakuwa na gari: Kilema, Kibosho, Machame, Huruma kule Rombo, Mawenzi au KCMC kwa walio karibu na mji.

Kama ndugu wamekosana, sherehe haitawapatanisha yenyewe. Wiki mbili kabla, mzee anayeheshimiwa na pande zote aende na jani la isale. Wachaga wamelitumia kuombana msamaha tangu zamani, na ni vigumu mtu kulikataa. Lifanyike faraghani, kamwe si kwa kipaza sauti mbele ya wageni.

Zawadi zijadiliwe pamoja, ili bibi asipewe vitenge kumi na blanketi saba. Tangi la maji, choo cha kukaa karibu na chumba chake, bati jipya la jiko, au bima ya afya iliyolipiwa mwaka, hivyo atavitumia kila siku. Mjukuu mwenye simu nzuri atenge saa moja, siku nyingine tulivu, amrekodi bibi akitaja majina ya babu zake na mahali walikotoka.

Madereva wajulikane asubuhi, wasiguse mbege wala bia. Kona za kushuka kutoka Rombo na Marangu hazina huruma usiku. Na msiondoke wote kesho yake. Watu wawili wabaki siku mbili au tatu warudishe masufuria na kreti za chupa tupu, walipe mpishi na waliosaidia kubeba maji, wapeleke chakula kwa wazee walioshindwa kufika, wazoe takataka migombani. Mtunza hazina asome hesabu ya mwisho ndani ya wiki hiyo, na salio, hata likiwa dogo, lifunguliwe akaunti ya matibabu ya bibi.