Gofu kwa Vijana: Jinsi ya Kujiunga, Kanuni za Kwanza na Adabu za Uwanjani
Somo kwa wazazi, walezi na watoto wa Kibera na Kawangware

Watoto wengi wa Kibera wameuona mpira wa gofu kabla hawajauona mchezo wenyewe. Mpira mdogo mweupe huruka ua, ukaanguka kando ya kijia, na mtoto akauokota. Upande wa pili wa ua ni nyasi zilizokatwa vizuri na watu wachache wanaotembea polepole. Kwa muda mrefu ua huo ulionekana kama mpaka usiovukwa, lakini siku hizi klabu nyingi za gofu nchini zina mafunzo ya vijana, na mtoto asiye na mzazi mwanachama anaweza kupata nafasi. Somo hili linaeleza namna ya kuitafuta nafasi hiyo, na mambo ambayo mtoto anapaswa kuyajua kabla ya siku ya kwanza.

Majirani wa umri mmoja

Klabu ya Royal Nairobi, inayopakana na Kibera, ilianzishwa mwaka wa 1906, na neno "Royal" likaongezwa mwaka wa 1935 kwa idhini ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne ya 20, askari Wanubi wa King's African Rifles walikuwa wakipewa makazi katika msitu wa karibu. Kwa lugha yao msitu ni "kibra", na hapo ndipo jina la Kibera lilipotoka. Kwa hivyo mtaa na uwanja ni majirani wa zaidi ya miaka mia moja.

Kwa wakazi wa Kawangware, Barabara ya Naivasha hushuka hadi Ngong Road. Ukifuata Ngong Road kuelekea Karen utafika Ngong Racecourse, palipo na Golf Park, uwanja ambao mtu asiye mwanachama anaweza kulipa na kucheza. Taasisi inayoshughulikia gofu ya vijana nchini ni Junior Golf Foundation, ambayo hufanya kazi pamoja na klabu mbalimbali.

Kabla ya kumwandikisha mtoto

Mzazi au mlezi anashauriwa afike mwenyewe katika ofisi ya klabu, au amwombe mwalimu wa michezo shuleni aulize kwa niaba ya wanafunzi kadhaa. Maombi ya shule mara nyingi husikika haraka kuliko ya mtu mmoja mmoja. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kisha uliza maswali haya:

1. Mafunzo ni siku gani na saa ngapi? Yasigongane na masomo. Ratiba nzuri ni ya Jumamosi, jioni au wakati wa likizo.
2. Gharama zote ni kiasi gani? Uliza kuhusu ada ya mafunzo, mipira ya mazoezi, chakula na nauli ya mashindano. Ada ndogo ya mwezi inaweza kuficha nauli kubwa.
3. Je, kuna fimbo za kuazima? Kanuni zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, lakini anayeanza anaweza kujifunza kwa fimbo chache tu. Usikope pesa kununua seti nzima.
4. Nani anawasimamia watoto? Jina la mkufunzi lijulikane, pawe na zaidi ya mtu mzima mmoja, na mzazi aruhusiwe kufika wakati wowote kutazama.
5. Mtoto atarudi nyumbani vipi, na saa ngapi?

Swali la nne lisipuuzwe. Mtoto akitendewa jambo lisilofaa na mtu yeyote, uwanjani au kwingine, simu ya bure ya watoto ni 116.

Kuhusu mavazi, klabu nyingi hutaka shati au fulana yenye kola, na suruali au kaptura nadhifu isiyo ya jinzi. Raba safi za soli laini zinatosha. Viatu vya kandanda vyenye vyuma huharibu nyasi. Fulana ya kola ya sare ya shule, ikifuliwa na kupigwa pasi, ni vazi la heshima, wala hakuna haja ya kununua nguo mpya.

Mchezo kwa ufupi

Uwanja kamili una mashimo 18. Kila shimo lina mahali pa kuanzia, njia ya nyasi fupi, na mwishoni sehemu ya nyasi laini sana iitwayo grini. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108, na mpira hauzidi uzito wa gramu 45.93. Njiani kuna vizuizi kama mchanga, uitwao banka, maji, miti na nyasi ndefu. Kila shimo lina idadi ya mapigo inayotarajiwa kwa mchezaji hodari, iitwayo paa: 3, 4 au 5. Anayemaliza kwa mapigo machache zaidi ndiye mshindi.

Mchezaji anayeanza hashindanishwi na bingwa kama kwamba wako sawa. Kuna handikepi, idadi ya mapigo anayopunguziwa kulingana na uwezo wake. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka wa 2020 unaruhusu handikepi ya hadi 54, kwa hivyo hata anayepata taabu ana nafasi ya kushindana kwa haki.

Kanuni saba za kuanzia

1. Cheza mpira ulipo. Usiusogeze hata kidogo ili ukae vizuri, isipokuwa kanuni inaporuhusu.
2. Hesabu kila pigo. Ukirusha fimbo kwa nia ya kupiga mpira na ukaukosa, hilo ni pigo.
3. Mpira ukipotea, una dakika 3 za kuutafuta. Muda ukiisha, rudi ulipopigia mwanzo na uongeze pigo 1 la adhabu.
4. Vigingi vyeupe ni mpaka wa uwanja. Mpira ukivuka, adhabu ni ileile ya mpira uliopotea.
5. Vigingi vyekundu au vya manjano huonyesha eneo la adhabu, mara nyingi penye maji. Unaweza kuucheza mpira humo ukiweza, au uutoe kwa pigo 1 la adhabu.
6. Unapouangusha mpira upya, uachie kutoka usawa wa goti. Tangu mwaka wa 2019 hauangushwi kutoka begani.
7. Usimuulize mshindani wako akupe ushauri wa namna ya kupiga au fimbo ya kutumia. Mzazi anayetazama naye asimwelekeze mtoto wakati wa mashindano; ushauri ukiombwa, anayeadhibiwa ni mtoto.

Adabu za uwanjani

Kanuni humwambia mchezaji namna ya kuhesabu. Adabu humfundisha kuishi na wenzake, na jambo la kwanza ni usalama. Usirushe fimbo kabla ya kutazama nyuma na kando yako. Usipige mpira ikiwa walio mbele wako karibu kiasi cha kufikiwa. Mpira ukielekea kwa mtu, paza sauti upesi: "Foo!" Hilo ndilo onyo la wanagofu duniani kote, na anayelisikia hujikinga kichwa. Radi zikianza, hasa msimu wa mvua ndefu, mchezo husimama. Usijikinge chini ya mti.

La pili ni utulivu. Mwenzako anapojiandaa kupiga, simama, nyamaza, na usiwe nyuma yake. Simu izimwe sauti. Kwenye grini, usikanyage njia ambayo mpira wa mwenzako utapita, wala kivuli chako kisiangukie njia hiyo.

La tatu ni kuutunza uwanja. Ukitoka kwenye banka, sawazisha mchanga kwa reki. Kipande cha nyasi ulichoking'oa kirudishe au kijaze mchanga. Alama ya mpira kwenye grini irekebishe. Anayekuja nyuma yako aukute uwanja kama ulivyoukuta wewe.

La nne ni mwendo. Mashimo 18 huchukua takribani saa 4, na kundi moja likizembea, wote walio nyuma husimama. Ikifika zamu yako, uwe umeshaamua. Sekunde 40 zinatosha kwa pigo moja.

La tano ni salamu. Msalimie mlinzi wa lango, mkata nyasi na kedi anayebeba mkoba kama unavyomsalimia mwanachama. Mwisho wa mchezo vua kofia, mpe mwenzako mkono na umshukuru, hata kama amekushinda.

Na ile mipira inayookotwa? Mpira unaobingirika bado una mwenyewe. Mtoto aliyezoea kuokota mipira iliyovuka ua ajifunze kwamba ndani ya uwanja hugusi mpira usio wako hadi ujulikane ni wa nani. Kosa hilo dogo linaweza kuharibu mchezo wa mtu, na linaweza kumfanya mtoto aitwe mwizi bila kukusudia. Mkufunzi alieleze hili siku ya kwanza, bila kumwaibisha mtoto yeyote.

Hakuna refa wa kila mchezaji

Katika kandanda, refa akikosa kuona faulo, mchezo huendelea. Gofu ni tofauti, kwa sababu mara nyingi mchezaji yuko peke yake na mpira wake, na yeye ndiye wa kwanza kujitaja kosa.

Chukulia msichana wa Gredi ya 6 kutoka Gatwekera katika mashindano yake ya kwanza. Yuko kwenye shimo la paa 4. Pigo la kwanza laenda kwenye nyasi ndefu. Anaupata mpira, anaondoa jani kavu lililo kando yake, na mpira unabingirika upana wa kidole. Wenzake wako mbali, na hakuna aliyeona. Kanuni inamtaka aurudishe ulipokuwa na aongeze pigo 1. Anafanya hivyo, kisha anapiga hadi kwenye njia, anapiga tena hadi kwenye grini, na anasukuma mara mbili mpira ukaingia. Hesabu yake ni hii: pigo la kwanza 1, adhabu 1, pigo la kutoka kwenye nyasi 1, pigo la kufika grini 1, na misukumo 2. Jumla ni 6. Angeandika 5, hakuna ambaye angejua. Yeye angejua.

Jambo kama hilo lilimpata Mmarekani Bobby Jones katika mashindano ya wazi ya Marekani mwaka wa 1925. Mpira wake ulisogea kidogo naye peke yake ndiye aliyeona. Alijiongezea pigo 1. Mwishowe alifungana na Willie Macfarlane, wakarudiana, na Jones akashindwa kwa pigo moja. Karibu miaka mia moja baadaye bado anatajwa kwa heshima kwa sababu ya pigo lile.

Kadi ya alama nayo inahitaji uangalifu. Mwenzako ndiye anayekuandikia, nawe unaikagua shimo kwa shimo na kutia sahihi. Mwaka wa 1968 katika mashindano ya Masters, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipata 3 kwenye shimo la 17, lakini mwenzake aliandika 4. De Vicenzo akatia sahihi bila kugundua. Alama kubwa kuliko halisi hubaki kama ilivyoandikwa, kwa hivyo akakosa kufungana na Bob Goalby, na ubingwa ukamponyoka. Shimo likiandikwa alama ndogo kuliko halisi, mchezaji huondolewa mashindanoni, isipokuwa alipokosa kuongeza adhabu ambayo hakuijua. Soma kabla ya kutia sahihi: funzo hilo linafaa pia kwenye karatasi ya mkopo na mkataba wa nyumba.

Mtoto atafaidi nini?

Wazazi wasiahidiwe makubwa. Ni wachache wanaofikia kiwango cha Kenya Open, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1967. Hata hivyo, wachezaji kadhaa wa kulipwa nchini walianza kama kedi, na uwanja una kazi nyingine pia: ukufunzi, utunzaji wa nyasi, urekebishaji wa fimbo na usimamizi wa mashindano. Vyuo vikuu vya Marekani hutoa ufadhili kwa wanagofu wazuri, lakini huangalia alama za darasani kwanza. Kwa hivyo fimbo isichukue nafasi ya kitabu.

Maswali ya kujipima

1. Pigo lako la kwanza limevuka vigingi vyeupe. Pigo litakalofuata ni la ngapi?
2. Umetafuta mpira kwa dakika 4, kisha ukauona. Je, unaweza kuucheza?
3. Mwenzako ameandika 5 nawe ulipiga 6. Ufanye nini?

Majibu

1. Ni la 3: pigo 1, adhabu 1, kisha unarudi mahali pa kuanzia na kupiga la tatu.
2. La. Baada ya dakika 3 mpira huo umepotea.
3. Mwambie arekebishe kabla hujatia sahihi. Hata kama ni wewe tu unayejua.