Tovuti Yako Imeandikwa Jina la Nani?

Siku niliposajili kikoa changu cha kwanza cha .com, hata nyumbani nilikuwa sijasema. Kesho yake asubuhi simu ikaita: "Bosi, naona umechukua jina. Nikutengenezee tovuti?" Wiki ile walipiga wanne. Namba yangu hawakuipata kwa mganga. Ilikuwa imeanikwa kwenye daftari la WHOIS, lililoanza mwaka 1982 mtandao ukiwa bado wa watafiti wachache wanaojuana. Siku hizi daftari hilo limefunikwa kiasi, lakini wewe kama mwenye tovuti lazima ujue kulisoma.

1. Jitafute. Kwa .com, .org na .net ingia lookup.icann.org, andika jina bila www. Ni bure. Vikoa vya nchi vina wasimamizi wake, kwa mfano KeNIC kwa .ke, na kila mmoja ana utaratibu wake wa kutafuta. Ukikutana na neno RDAP usishtuke: tangu Januari 28, 2025 ndio mfumo rasmi wa kutafuta taarifa za vikoa kama .com, umechukua nafasi ya WHOIS.

2. Tazama tarehe ya kusajiliwa. Duka linajisifu lina miaka 15 sokoni, kikoa chake kina wiki tatu? Usitume hela. Ila kikoa cha zamani nacho si cheti cha uaminifu, maana majina yaliyoachwa na wenyewe huuzwa kama mitumba.

3. Jina la mmiliki likiwa limefichwa, usimwite mtu tapeli. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika Mei 25, 2018, wasajili wengi, yaani kampuni zinazotuandikishia vikoa, waliona ni rahisi kuwafunika wateja wote, na sisi wa huku tukanufaika bila kuomba. Kinachobaki wazi ni msajili, tarehe na seva. Una malalamiko ya kweli? Anwani ya msajili ya kupokea malalamiko imo humo humo.

4. Kujificha ni ruhusa, kudanganya hapana. Msajili mpe taarifa za kweli, kisha mwombe asizianike. Kwa .com, akikuuliza kuhusu usahihi wa taarifa hizo ukakaa kimya zaidi ya siku 15, kikoa kinaweza kufungiwa. Na uliza kabla ya kulipa, kwa sababu .us ya Marekani, kwa mfano, hairuhusu huduma za kuficha jina.

5. Hapa ndipo wengi tunapolia. Unampa kijana hela, anakutengenezea tovuti, na kikoa anakisajili kwa jina lake, barua pepe yake, akaunti yake. Pengine hana nia mbaya, ni haraka tu. Miaka miwili baadaye amehamia mji mwingine, simu haipatikani, na wewe unagundua kwamba jina lililo kwenye bango la duka, risiti na fulana za wafanyakazi si lako. Kwa msajili, mwenye kikoa ni yule aliyeandikwa. Kwa hiyo, kabla ya kumaliza kumlipa fundi, ingieni pamoja kwenye akaunti, uone jina lako kwa macho yako. Kama msajili amelificha kwa umma, ndani ya akaunti litaonekana. Nenosiri baki nalo wewe.

6. Barua pepe ya akaunti hiyo isitegemee kikoa hicho hicho. Kikizimika, nayo inazimika, na taarifa ya kukirudisha haitakufikia.

7. Ukiletewa ankara ya "kikoa chako kinaisha leo", linganisha aliyeituma na msajili aliye kwenye daftari. Tarehe ya kuisha iko wazi kwa kila mtu, matapeli wakiwemo. Ukiwa hapo, angalia pia kama kuna maneno clientTransferProhibited. Hiyo ni kufuli dhidi ya kuhamishwa kwa wizi, iache ilivyo.

Usipolipia .com kwa wakati, msajili anaweza kukuvumilia hadi siku 45. Akikifuta, una siku 30 za kukikomboa kwa bei ya kuumiza, halafu siku 5 za kukitazama tu. Ya 6 ni cha yeyote atakayewahi.